Mashoka ya Jumapili

Kila mwaka nikifika kwenye mada ya uharibifu wa mazingira, chaki hunivunjikia mkononi. Si uzee, ni hasira. Kitabu tunachofundishia kina picha ya jangwa linalosogea huko Saheli, kina picha ya matrekta yakiangusha miti Amazoni, kina picha ya ziwa la mbali lililokauka hadi mashua zikabaki zimelala mchangani. Wanafunzi wangu wa hapa Tunduma huzitazama picha hizo kwa huruma, kama mtu anayepita karibu na msiba wa mtaa mwingine. Wanaandika majibu mazuri, wanafaulu. Kengele ikilia wanatoka nje, wanapita katikati ya magunia ya mkaa yaliyopangwa kando ya barabara, na hakuna hata mmoja anayegeuza shingo.

Kwa hiyo nimeacha kuanza na Saheli. Siku hizi naanza na kilima cha kwetu.

Kwetu ni Mbozi, kata ya Ruanda, kwenye mashamba ya kahawa na mahindi. Nachora ubaoni paa la nyumba, nawaambia hii ndiyo nchi tunayokaa. Mvua inayoangukia upande wa Ileje, kwenye milima ya Itumba, huingia Mto Songwe ule wa mpakani na Malawi, ikafika Ziwa Nyasa, ikatoka na Mto Shire hadi Zambezi, ikaishia Bahari ya Hindi. Inayoangukia ng'ambo, Zambia, sehemu yake hushika njia ya Mto Chambeshi, ikapita mabwawa na maziwa hadi Mto Kongo, ikatokea Atlantiki, bahari ambayo hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kulowesha mguu ndani yake. Na inayoangukia kwetu Mbozi huteremka Ziwa Rukwa, chini kwenye Bonde la Ufa, na safari inaishia hapo. Rukwa halina mto unaotoka. Chochote tunachokiachia huku juu, udongo, majivu, uchafu, kinafika kule na kukaa kule.

"Nusu ya bara inakinga maji kwenye paa hili," huwaambia, "na sisi tuliokaa juu yake ndio tunaong'oa mabati."

Wanacheka. Wanadhani natania.

Juu ya nyumba ya mama yangu kulikuwa na msitu. Haukuwa mkubwa, ungeweza kuuzunguka na bado chai uliyoiacha mezani ukaikuta na uvuguvugu. Lakini ulikuwa umefunga hasa: miombo na misuku kwa juu, na chini, kwenye jicho la chemchemi, mikuyu minene iliyoshikana mizizi. Machifu wa zamani walizikwa mle. Kwa sababu hiyo hakuna aliyekata mti, hakuna aliyeokota kuni, hata matunda ya misuku yaliyoiva yakaanguka yalibaki chakula cha ndege. Tulipokuwa wadogo tuliambiwa kwamba ukiokota hata kijiti mle ndani, utasikia unaitwa jina lako kutoka kwenye miti, na ukiitika, basi tena. Mimi nilipita pale na ndoo kichwani kila asubuhi ya utoto wangu huku nimebana mdomo, nisije nikaitika kwa bahati mbaya.

Maji ya chemchemi ile yalikuwa baridi kiasi cha kuuma meno. Kiangazi, wakati wa kuvuna kahawa, ndipo ulipoijua thamani yake, maana kahawa ikishamenywa inataka maji mengi ya kuoshea, na kiangazi Mbozi hakuna tone linalotoka mbinguni. Nyumba zote za upande ule ziliosha kahawa yao kwa maji yale. Mama alikuwa na kitalu cha miche chini kidogo ya mikuyu, na miche yake ilisifiwa hadi Mlowo. Ada yangu ya shule ilitoka kwenye kitalu kile. Kwa hiyo mtu akiniuliza elimu yangu nimeipata wapi, sitaji chuo.

Sasa, sisi ni watu wa kanisa. Babu zetu walibatizwa, wazazi wetu walibatizwa, na Jumapili kijiji chote kinakuwa ndani ya nyumba moja. Mama alikuwa kiongozi wa akina mama, mwenye sauti ya kwanza katika nyimbo, na kaka yangu mkubwa ni mzee wa kanisa. Mle msituni hakuna aliyetambika tena, tangu zamani. Ilikuwa imebaki heshima tu, na ile hofu ndogo ya kuitwa jina, ambayo mtu huicheka mchana lakini haiondoi moyoni.

Kanisa la zamani lilikuwa la matofali mabichi, likaanza kupasuka, ikaundwa kamati ya kujenga jipya la matofali ya kuchoma. Kaka yangu akawa mwenyekiti. Udongo walichimba bondeni, kando ya kijito, wakaacha mashimo kama ya mtu aliyetafuta sindano kwa jembe. Tanuri likapangwa. Kuni zikawa hazipo. Kijiji kizima kilikuwa kimeshamaliza miti yake kwa matanuri ya nyumba zao na kwa mkaa wa kuuza barabarani, ukabaki msitu mmoja tu.

Akaja mwinjilisti mgeni, kijana mwenye koo la chuma. Akahubiri kwamba hatuwezi kumjengea Mungu nyumba huku tumelinda nyumba ya mizimu juu ya kilima. Akauliza nani kati yetu anaogopa msitu. Watu wakaangalia chini. Akasema kule hakuna kitu ila miti, na hofu ile ni ibada ya sanamu, na dawa yake ni moja: Jumapili ijayo kila mwenye imani aje kanisani na shoka.

Mimi nilifika nyumbani Jumapili hiyo hiyo kumwona Mama, sijui hili wala lile. Nikakutana na watu njiani wamevaa suti na vitenge vya kanisani, Biblia mkono mmoja, shoka mkono wa pili. Nikasema leo kuna nini, kuna nyoka? Wakacheka kwa furaha ya ajabu. Nikumbushe kwamba hawa ni watu ambao Jumapili hawachumi kahawa hata iwe imeiva inadondoka, kwa sababu kazi siku ya Bwana ni dhambi.

Nilimkuta kaka yangu uani mwa kanisa. Nikamweleza kwa upole, nadhani ulikuwa upole wa mwisho niliokuwa nao. Nikamwambia chemchemi haijitegemei, miti ile ndiyo inayoishika mvua isikimbie, ndiyo inayoiteremsha ardhini taratibu, na kiangazi tunakunywa mvua ya masika iliyopita.

"Mwalimu," akasema. Akikasirika huniita mwalimu badala ya dada. "Maji anatoa Mungu."

"Anatoa kupitia pale."

"Kwa hiyo wewe unaitetea mizimu?"

"Natetea miti, kaka."

"Miti ya nani? Ya mizimu."

Ningesema nini? Wamekujengea ukuta, kila neno unalotupa linakurudia usoni. Ukisema mvua, wanasikia mizimu. Ukisema mizizi, wanasikia mizimu. Watu wakaanza kunitazama kwa huruma, msomi wa watu, amekaa mjini sana hadi ameingiwa na mapepo. Nikageuka kumtafuta Mama. Alikuwa amesimama mlangoni na Biblia yake kifuani, mkono wa pili mtupu. Hakuwa amekuja na shoka. Lakini alikwepa macho yangu.

Walipanda wakiimba. Siwezi kuisahau ile sauti, nyimbo nilizofundishwa na mama yangu zikipigiwa shoka badala ya ngoma. Mti wa kwanza ulipoanguka kila mtu akasikiliza kama ataitwa jina. Hakuitwa mtu. Basi wakashangilia, wakaingia kwa nguvu. Walianza na mikuyu ya chemchemini, kwa sababu ilikuwa mikubwa na ushindi ulionekana zaidi. Mikuyu! Kuni zenyewe zina maji, moshi mtupu, tanuri lilisinzia hadi wakaongeza miombo. Nusu ya juu ya msitu ilipona kwa sababu tanuri lilijaa, si kwa sababu ya toba.

Kanisa likasimama. Ni zuri, sikatai. Kila nikiliangalia nakasirika upya.

Kiangazi cha kwanza maji yalipungua, wakasema mvua ilikuwa haba mwaka huo. Kiangazi kilichofuata jicho la chemchemi likawa tope, mtu akakinga kwa kikombe, kikombe kikajaa nusu. Masika nayo, mlima uliokuwa umevuliwa nguo uliachia udongo wote, ukashuka mwekundu, ukafukia kitalu cha Mama. Nilisimama nikiangalia udongo ule ukienda bondeni, na mimi najua unakoelekea. Naujua mto mmoja baada ya mwingine hadi Rukwa. Wavuvi wa huko watakuja kushangaa kina kimeenda wapi, na jibu tutakuwa tumelikalia sisi kwenye mabenchi ya kanisa.

Nilipowaambia wazee wa kanisa, mmoja akanijibu kwamba hali ya hewa imebadilika dunia nzima. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi kuliko yote. Tumefundishwa neno kubwa la kujifichia. Dunia imebadilika, kweli, na wenye viwanda vyao huko wana lao la kujibu. Lakini mikuyu ile haikukatwa na dunia. Ilikatwa na shemeji, na jirani, na mtu aliyenibeba mgongoni nikiwa mtoto. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Halafu wakaja wakubwa kwa magari kupanda miti. Nikafurahi, mjinga mimi. Walishusha miche ya mikaratusi, wakaipanda kwenye jicho la chemchemi, pale pale, wakapigwa picha wakiwa wameshika koleo ambazo hazijawahi kugusa udongo, wakaondoka. Mkaratusi! Mti unaokunywa kama mlevi wa mwisho wa mwezi, unaupanda juu ya kisima cha watu wenye kiu. Nilipiga simu kila mahali nilipoweza, nikaambiwa miche mingine hakuna na lengo la upandaji limeshafikiwa. Aliyelimaliza jambo hilo ni Mama. Kila akienda kuteka kikombe chake cha tope alichukua kijembe, akasema anapalilia. Alipalilia mikaratusi yote hadi ikaisha.

Chemchemi ilipokata kabisa, wanawake wakawa wanashuka mtoni, mbali, kwenye maji yaliyovurugwa na wachimbaji wa udongo wa matofali. Kahawa ikawa haioshwi, watu wakaiuza mbivu vile vile na mnunuzi akapanga bei anayoitaka. Mama miguu ilikuwa imechoka, hawezi kilima. Kaka yangu, nisimnyime haki yake, alimletea maji kwa pikipiki, madumu yakigongana huku na huku. Alimchimbia hata kisima uani, akakuta mawe. Nilimwona siku moja amekaa ukingoni mwa shimo lile kavu, mikono ikining'inia, nikatamani kumwonea huruma. Sikuweza.

"Njoo ukae na mimi Tunduma," nikamwambia Mama.

"Nikale vumbi la malori?" akasema. "Hapa ndipo kwangu. Chemchemi itarudi."

"Itarudi kwa miti ipi, Mama?"

Akanyoosha kidole juu, kwenye ile nusu iliyobaki. Na kweli, kama kulikuwa na matumaini, yalikuwa pale. Mashina ya mikuyu yalikuwa yameanza kuchipua. Miombo ya juu ingeachwa, na mikuyu ikaachwa, maji yangeweza kurudi, si leo, lakini yangerudi. Hiyo nusu ndiyo iliyokuwa imebaki kati ya kijiji kile na kuhama.

Basi kamati ikaamua kujenga nyumba ya mchungaji.

Tanuri la pili. Kuni zile zile hazipo, msitu ule ule upo. Kaka yangu akanipigia simu kunitaarifu, nafikiri alitaka niseme hapana ili aweze kunijibu. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nilipofika nyumbani nikamkuta Mama kitandani, kifua kimembana, na wanakamati wamekuja kumwombea. Walikuwa wamejaa sebuleni, kaka yangu mbele na kofia yake mapajani. Wakaomba vizuri. Walipomaliza, Mama akajiinua, nikamwekea mto mgongoni.

"Nina neno," akasema. "Nikifa, mnizike kule msituni. Juu, kwenye miombo iliyobaki."

 Kaka yangu akageuza kofia.

"Mama, makaburi ya kanisa yapo."

"Nayajua. Mimi nataka kule."

Mmoja wa wazee akakohoa. "Mama yetu, wewe ni kiongozi. Utalalaje pamoja na wapagani? Kule kuna..." Akasita.

"Kuna nini?" akauliza Mama.

Yule mzee akaangalia dari.

"Semeni," akasema Mama. "Kuna nini kule? Nilikuwepo mlipohubiriwa. Mlisema hakuna kitu kule ila miti. Mkabeba mashoka Jumapili kuonyesha hakuna kitu. Kama mizimu haipo, mnaogopa nini kunizika? Na kama ipo, basi semeni mbele yangu ipo, nijue kanisa tulilijenga kwa uongo."

 Nilitaka kucheka, nilitaka kupiga kelele, nikabaki nimeshikilia mto. Ule ukuta wao, ambao mimi na digrii yangu tulijigonga kichwa hadi tukachoka, mwanamke mgonjwa aliwafungia wenyewe ndani yake na funguo akaweka chini ya godoro. Wakikataa, wameungama kwamba wanaogopa mizimu. Wakikubali, nani atakayekata miti juu ya kaburi la kiongozi wa akina mama?

Kaka yangu akasema taratibu, "Sawa, Mama."

Mama akafariki kabla mvua hazijaanza. Aliondoka kwenye nyumba ambayo maji ya kumwoshea tulilazimika kuyaleta kwa pikipiki. Hilo sitalisamehe. Watu walikuja na madumu, kila mmoja na dumu lake, wakayapanga ukutani wakisema poleni, na mimi nilikuwa nasema asante huku nimekaza meno. Mwanamke aliyezaliwa, akaolewa, akazeeka kando ya chemchemi, ameogeshwa kwa maji ya kuchangiwa.

Fundi wa jeneza aliuliza kama akate mti mmoja kule juu, karibu na kaburi, isiwe gharama. Kaka yangu ndiye aliyemjibu, kabla sijafungua mdomo. Alimwambia mbao zitatoka Mlowo.

Walichimba kaburi kati ya miombo miwili. Nilikaa karibu nikiwaangalia. Kila mahali kijijini ardhi ilikuwa vumbi, jembe likigonga linaruka. Pale, jembe lilizama. Udongo uliotoka ulikuwa mweusi, wa baridi, umeshikana, unanukia mvua. Kaka yangu aliyekuwa ndani ya shimo akachukua donge moja akalibana, likabaki na alama za vidole vyake. Akalitazama muda mrefu. Kisha akanitazama mimi. Nilimngoja aseme. Akaliweka donge ukingoni, akaendelea kuchimba.

Msalaba wa saruji ukasimamishwa. Tanuri la pili halikuwashwa, nyumba ya mchungaji ikajengwa kwa matofali ya kununua. Hakuna aliyetangaza kwamba msitu umeachwa, hakuna aliyesema tulikosea. Siku walipotokea watu wa mkaa na msumeno wao, kaka yangu aliwazuia njiani. Aliwaambia, "Hapo hapakatwi, mama yangu amelala hapo." Neno maji hakulitaja. Niliposimuliwa, nilikasirika badala ya kushukuru. Nimefundisha watoto wa watu miaka yote hii jinsi mti unavyoshika maji, na haikusaidia shina moja. Ilibidi mama yangu aende kulala chini yake.

Chemchemi bado haijarudi. Mikuyu imechipua hadi kimo cha kiuno, na masika iliyopita jicho lilikuwa na unyevu, si zaidi. Naenda kila nikipata nafasi, nazitazama zile chipukizi.

Mara ya mwisho nilikuta watoto wa shule wamesimama kwenye njia, karibu na kaburi, wamebeba mizigo yao ya kuni waliyoitoa mbali. Mdogo wao alikuwa ameinama kuokota tawi lililoanguka ndani ya msitu. Mkubwa akampiga kibao cha mkono.

"Acha! Hujui? Ukiokota humo, yule bibi wa kanisani anakuita jina lako. Ukiitika, umekwisha."

Mama yangu, sauti ya kwanza katika nyimbo, aliyebatizwa akiwa mchanga, sasa ni mzimu. Walipokiona kivuli changu wakashtuka, wakaniamkia. Wananijua, mimi ni mwalimu wa jiografia wa Tunduma, mtoto wa marehemu. Yule mdogo akanyanyua uso akaniuliza eti ni kweli.

Nikaangalia miombo. Nikaangalia zile chipukizi chini.

"Ni kweli," nikamwambia. "Mimi mwenyewe ameniita jana."

Akaliachia tawi, wakakimbia.